Asilimia 96 ya jani la mkonge: niliyojifunza kwenye mtambo wa biogesi

Vijana wengi saivi wananiuliza habari za hemp, ile bangi ya viwandani isiyolevya. Wameona video za Ufaransa na Kanada, mmea mmoja unatoa nyuzi, mbegu zinakamuliwa mafuta, vipande vya shina vinachanganywa na chokaa vinajengea ukuta, na mabaki yanachachushwa yanatoa gesi, sasa wanauliza sisi tunakwama wapi. Mi huwa nawajibu hivi, kwanza kulima bangi hapa Tanzania ni kosa la jinai kwaiyo hilo tuliweke pembeni, alafu pili mmea wa nyuzi tunao na tumekuwa nao zaidi ya miaka 130, unaitwa mkonge, na hayo yote mnayoyasikia ya mabaki kugeuzwa nishati yameshafanywa kwenye mkonge palepale Tanga. Mimi nimefanya kazi humo, nikaanzia upande wa mashine za kuchakata kisha nikahamia upande wa biogesi, yaani gesi ya kuwaka inayotokana na mabaki yakioza bila hewa, kwenye shamba moja ambalo jina lake sitalitaja, na haya ninayoyaandika ndo niliyoyaona.

Ukitaka kuelewa hili jambo usianze na gesi, anza na jani. Jani la mkonge ukilikata likiwa bichi, kama asilimia 87 yake ni maji matupu. Singa, ile nyuzi nyeupe inayofungwa robota na kwenda kuuzwa, ni kama asilimia 4 tu. Iliyobaki ni nyama ya jani, ganda na utomvu. Yaani mkulima anapalilia, anasubiri miaka mitatu minne mpaka mkonge ukomae, mkataji anaingia shambani alfajiri anachomwa na ile miba ya nchani, anafunga mizigo, trekta linabeba mpaka kiwandani, alafu katika kila kilo 100 zilizobebwa kilo 4 ndo zinaitwa mali na kilo 96 zinaitwa uchafu. Kwa tani moja ya singa unabakiwa na takriban tani 25 za mabaki, na kama kiwanda kinatumia maji kuchakata kama viwanda vingi vya zamani unamwaga na maji machafu kama mita za ujazo 100 juu yake.

Sasa weka na historia hapo. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche elfu moja ilitolewa Florida kule Marekani, iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62 tu, na kutoka hiyo 62 nchi ikapanda mpaka kufikia tani 230,000 hivi za singa mwaka 1964, tukawa tunaongoza duniani. Zidisha mwenyewe kwa 25 uone. Ni zaidi ya tani milioni tano na nusu za mabaki kwa mwaka mmoja tu, zote zilienda mabondeni na mitoni. Baadae kamba za plastiki zikaja, mashamba yakataifishwa, bei ikaanguka, uzalishaji ukashuka mpaka kwenye tani elfu ishirini na kitu miaka ya 90 mwishoni. Watu wanapolilia mkonge wanalilia zile singa. Mi huwa nafikiria yale mabaki.

Mtu ambaye hajafika kiwandani hawezi kuelewa nasemea nini. Ile mashine ya kuchakata tunaiita korona. Majani yanaingia yamepangwa kwenye mkanda, yanabanwa na minyororo, yanapita kwenye magurudumu makubwa yenye vibao butu vinavyoyaponda na kuyakwangua huku maji yanamwagika juu yake mfululizo, upande mmoja inatoka singa imelowa inapelekwa kuanikwa kwenye nyaya juani, na chini ya mashine inashuka ile nyama ya jani, kijani kibichi, inasukumwa na maji kwenye mfereji wa zege. Ukisimama karibu na mfereji harufu yake mwanzoni ni kama majani yaliyokatwa sasaivi, haina shida. Fuata mfereji mpaka bondeni unapoishia, rangi inabadilika inakuwa kahawia, povu linatanda, harufu inakuwa kali ya kuchacha mpaka macho yanauma, na maji yakikugusa mguuni unajikuna siku nzima kwa sababu utomvu wa mkonge una vile vichembe vya okzaleti vinavyowasha. Na yale marundo yakikaa yanaoza ndani bila hewa yanatoa methani, ile gesi inayowaka, inaenda zake angani, na methani kwa kupasha joto dunia ni kali mara zaidi ya 25 kuliko hewa ya ukaa. Kwaiyo gesi inatengenezwa hata usipojenga mtambo wowote, swali ni kama unaikamata au unaiachia.

Wa kwanza kuikamata kwa kiwango cha kiwanda walikuwa hapohapo Hale, wilaya ya Korogwe mkoani Tanga, kwenye miaka ya 2007 na 2008, mradi wa kampuni ya Katani pamoja na serikali, UNIDO ambalo ni shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, na mfuko wa pamoja wa bidhaa unaojulikana kama CFC. Ulikuwa mtambo wa kwanza duniani kutoa umeme kwenye mabaki ya mkonge, jenereta la kilowati 150 kwa kuanzia. Hale si mbali na bwawa la umeme la mto Pangani lililokuwepo tangu 1964, kwaiyo watu wa pale walishazoea kuona maji yakitoa umeme, ila kuona uchafu wa mkonge ukitoa umeme ilikuwa habari nyingine kabisa. Ule mradi ulifungua macho ya watu wengi, mimi nikiwemo. Upande wa Kenya kule Kilifi nako kuna shamba lililochanganya mabaki ya mkonge na samadi ya ng'ombe wa maziwa kwenye mtambo wa biogesi, na hilo la kuchanganya shikilia hapo ntalirudia.

Shamba nililofanyia kazi mimi walikuja na wazo hilohilo baadae, kwa kiwango kidogo. Na kitu nilichokiona toka mwanzo, na nimekiona tena sehemu nyingine nilizoitwa kuangalia, ni kwamba watu wanaanza na jenereta. Wanajua wanataka kilowati ngapi kabla hawajajua mabaki yao ni kiasi gani kwa siku, yanapatikana siku ngapi kwa wiki, yana maji kiasi gani, yana singa fupi kiasi gani. Mabaki yanachukuliwa kwamba yapo tu, si uchafu? Wakati mabaki ndo kila kitu. Jenereta unaweza kununua popote, mabaki mazuri ya kila siku hayauzwi dukani.

Ntaeleza kwa nini. Lile tangi la kuchachushia ni kama tumbo la ng'ombe, ndani kuna vijidudu na vina zamu zake. Kuna kundi la kwanza linalovunjavunja majani na sukari na kuzigeuza kuwa asidi, hawa ni wepesi sana, wanakula haraka na wanazaliana haraka. Kuna kundi la mwisho linalochukua ile asidi na kuigeuza kuwa methani, hawa ni wapole, wanazaliana taratibu, hawapendi baridi, hawapendi oksijeni, na hawapendi uchachu. Wanataka pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho kikishuka uchachu umezidi, ibaki kama 6.8 mpaka 7.5 na joto la kama nyuzi 35. Sasa mkonge una sukari nyingi kwenye utomvu, kwaiyo ukiuingiza kwa wingi ghafla lile kundi la kwanza linafurahi linajaza asidi tele, lile la mwisho linazidiwa linakufa, na mtambo mzima unachacha. Ukichacha haupati gesi ya kuwaka, unapata hewa ya ukaa tu na harufu.

Hili nimelishuhudia. Kulikuwa na kipindi cha mvua za masika, matrekta hayaingii shambani barabara zote tope, korona imesimama siku kadhaa, mtambo umekaa bila kulishwa na gesi imepungua sana. Bosi mmoja akaja asubuhi akasema wageni wanakuja wiki hiyo lazima wakute jenereta linawaka, kwaiyo lile rundo lililokaa bondeni lipakiwe lote liingizwe pamoja na mabaki mapya ya siku hiyo korona ikianza tu. Tulikuwa na fundi mkubwa pale, mzee wa Kibondei aliyekuwepo mashambani tangu enzi za mamlaka ya mkonge, akamwambia, "Mkurugenzi, samahani, hili tumbo limekaa na njaa, ukilishibisha kwa mara moja litavimba." Bosi akamjibu, "Mzee wangu nakuelewa, lakini wageni hawataelewa." Tukaingiza. Kesho yake mzee akafungua bomba dogo la sampuli akachota kwenye kopo, akanusa, akanipa na mimi ninuse, ilikuwa inanusa siki. Akachovya karatasi ya kupimia ikabadilika kuwa ya njano ya machungwa, akaniangalia akasema, "Mwanangu, hii imeshachacha." Wageni walipokuja kipimo cha gesi kilionyesha gesi ipo nyingi tu lakini kila tukiwasha kwenye jiko la majaribio moto unashika unazima, unashika unazima. Methani ilikuwa hamna humo.

Kuurudisha ule mtambo ilichukua wiki nyingi. Tuliacha kulisha kabisa, tukaweka chokaa kidogokidogo, tukaenda kuomba samadi mbichi kwa wafugaji wa jirani tukaingiza ili kupanda vijidudu upya, alafu tukaanza kulisha kidogo asubuhi kidogo jioni, kila siku karatasi ya pH, kila siku kuandika kwenye daftari. Kuanzia hapo mzee akaweka utaratibu wake ambao mi mpaka leo naufuata popote nikienda, pH ikishuka chini ya 6.5 hulishi hata aje nani, na mtambo unalishwa kwa kipimo kilekile kila siku iwe korona inafanya kazi au imesimama. Na ili uweze kulisha kila siku wakati korona haifanyi kazi kila siku, lazima uwe umehifadhi, na mabaki ya mkonge yakihifadhiwa wazi juani yanaoza na kupoteza nguvu. Yanatakiwa kushindiliwa na kufunikwa yasipate hewa kama wafugaji wanavyotengeneza sileji. Shimo la sileji ni bei rahisi kuliko spea yoyote ya jenereta lakini kwenye michoro ya miradi mingi niliyoonyeshwa halipo.

Jambo lingine ni singa fupi. Korona hata iwe nzuri vipi kuna singa zinakatika zinashuka pamoja na nyama, na zile ndo adui wa kila kitu kinachozunguka. Pampu ya kusukuma mabaki pale kwetu ilikuwa imenunuliwa kwa maelezo kwamba inasukuma tope lolote, na kweli tope inasukuma, ila singa sio tope. Inaanza na nyuzi moja inashika kwenye shafti, inavuta ya pili, zinajisokota zinakazana, mota inaanza kunguruma kwa sauti nzito, inapata moto, inakata. Ukiifungua unakuta mkanda mgumu umezunguka shafti unene wa ngumi, kisu hakiingii, tunakaa chini na msumeno wa chuma tunakata taratibu ili tusiumize shafti, mikono yote inawasha. Na zilizopita kwenye pampu zikaingia ndani ya tangi zinaelea juu, zinafunganafungana zinatengeneza gamba gumu, gesi inashindwa kupanda na kikorogeo nacho kinashikwa vilevile.

Suluhisho halikuwa pampu ya bei kubwa zaidi. Lilikuwa chekecheke kubwa la mviringo linalozunguka kabla ya mabaki hayajafika kwenye tangi, nyama laini inapita kwenye matundu, singa fupi zinabaki ndani zinatolewa mwishoni. Mafundi wa palepale walilichomelea kwa vyuma chakavu. Na zile singa fupi zikioshwa na kukaushwa zina soko lake, zinajazwa kwenye magodoro na viti, zinachanganywa kwenye jasi la dari, kwaiyo kitu kilichokuwa kinaua pampu kikawa kinalipa mishahara ya vibarua wawili watatu. Zile chache zinazopita na nyama inafaa zisagwe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishaonyesha kwamba mabaki ya singa yakikatwa mpaka kufika milimita 2 methani inaongezeka kwa asilimia 23, kwa sababu vijidudu vinapata sehemu kubwa ya kushambulia. Haohao wa Chuo Kikuu walichanganya nyama ya mkonge na mabaki ya samaki, theluthi moja samaki theluthi mbili mkonge, methani ikapanda kwa asilimia 59 mpaka 94 ukilinganisha na kila kimoja peke yake. Sababu inaeleweka, mkonge una kaboni nyingi nitrojeni kidogo, samaki na samadi wana nitrojeni, vikikutana vijidudu vinapata mlo kamili na ule uchachu nao unapungua. Ndo maana nikasema shikilia ile ya Kilifi. Na Tanga ni mji wa bahari jamani, soko la samaki la Deep Sea kila siku matumbo na vichwa vinatupwa, na mashamba ya mkonge yako saa moja mbili kwa gari.

Maji nayo. Korona ya maji inamwaga maji mengi mno, sasa ukiyaingiza yote kwenye tangi unalisha maji, unahitaji tangi kubwa mara nyingi zaidi na maji yenyewe yanapita haraka kabla vijidudu havijamaliza kazi. Tulichofanya ni kukamua, nyama inabanwa kwanza, maji ya juu yanapitishwa kwenye mabwawa ya kutuama yanarudishwa korona kuchakatia tena, nyama nzito ndo inaenda kwenye tangi. Brazili wanaotuzidi uzalishaji wanachakata bila maji kwa mashine ndogondogo huko shambani, na hapa kwetu wakulima wadogo wa AMCOS, vile vyama vya ushirika vya kuuza mazao, nao wameanza kupata mashine za kuhama zisizotaka maji mengi, hiyo kwa biogesi ni nzuri sana kwa sababu mabaki yanatoka mazito, ila yanatoka kidogokidogo sehemu nyingi, na kuyasomba ni gharama. Mabaki ambayo asilimia 80 na kitu ni maji ukiyabeba kwenye lori kilomita nyingi unasafirisha maji. Mtambo uwe pale mabaki yanapotoka, hili halina mjadala.

Alafu kuna ile gesi ya mayai viza, haidrojeni salfaidi. Kwa kiasi kidogo unaisikia kwa pua, kikizidi pua inakufa ganzi husikii tena na hapo ndo inaua. Nasema hili kwa msisitizo kwa sababu kila mara nasikia habari za watu kuingia kwenye mashimo ya vyoo na matangi kumuokoa mwenzao wakafa wote. Usiingie kwenye tangi la biogesi hata kama limefunguliwa tangu jana, hata kama ni la nyumbani dogo, asiingie mtu bila kupuliza hewa ndani na kupima na kuwa na kamba na watu juu. Upande wa mashine gesi hiyo inakula vyuma, oili ya injini inakuwa nyeusi na chachu mapema, vali zinaharibika. Dawa yake ni kuipitisha gesi kwenye pipa lenye vumbi na vipande vya chuma chenye kutu, salfa inanasa kwenye chuma, ukiona chuma kimekuwa cheusi unakitoa unakianika kwenye hewa kinarudia rangi ya kutu unakitumia tena. Kikianikwa kinapata moto, kwaiyo usikirundike karibu na majani makavu. Mapipa mawili, moja linafanya kazi lingine linapumzika. Rahisi kabisa na karakana yoyote ina mabaki ya chuma.

Sasa tuje kwenye hela maana hapo ndo watu wananibishia. Mita moja ya ujazo ya biogesi yenye methani asilimia 60 ina nishati ya kama kilowati-saa 6. Ukiipeleka kwenye jenereta unapata umeme wa kilowati-saa 2 hivi, iliyobaki yote inatoka kama joto kwenye ekzosi na rejeta. Ukiipeleka jikoni moja kwa moja nusu na zaidi ya nishati yote inaingia kwenye sufuria. Familia moja inapika kwa siku kwa mita moja mpaka mbili. Kwaiyo ukiwa na gesi kidogo ukakimbilia umeme unapoteza theluthi mbili palepale, alafu una injini ya kuhudumia, spea zinatoka nje ya nchi, na fundi anayeijua yuko Dar au hayupo kabisa. Umeme una maana pale ambapo una mabaki mengi ya uhakika na una matumizi yako mwenyewe, korona ni mla umeme mkubwa, na lile joto la rejeta unalirudisha kupasha tangi au kukaushia singa wakati wa mvua. Kuuza kwenye gridi utaratibu wa wazalishaji wadogo chini ya megawati 10 upo, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, waliuweka, lakini kwa kilowati chache makaratasi na vifaa vya kuunganisha vinakula faida yote.

Kule kwetu kilicholipa kwa kweli kilikuwa viwili ambavyo kwenye andiko la mradi vilikuwa kwenye kurasa za nyuma. Cha kwanza gesi ya kupikia kambini. Kambi za mkonge ni familia nyingi na kuni zilikuwa zinatoka kwenye misitu ya vilima vya karibu, kila mwaka mama zetu wanaenda mbali zaidi. Bomba lilipofika jiko la kantini na nyumba za mstari wa kwanza, mama mmoja aliyekuwa anapikia wafanyakazi alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, leo nimepika ugali wa watu wote sijakohoa." Hiyo mi naiweka juu ya kilowati yoyote. Cha pili ni mbolea. Lile tope linalotoka mwisho wa mtambo halina uchachu tena wala haliwashi, na limebaki na sehemu kubwa ya nitrojeni, potasiamu na kalsiamu ya jani kwa sababu kinachoondoka kama gesi ni hasa kaboni, haidrojeni na oksijeni. Mkonge unanyonya kalsiamu na potasiamu kupita mazao mengi, mashamba yaliyovunwa miaka 80 bila kurudishiwa kitu udongo umechoka umekuwa na uchachu, majani yanatoka mafupi. Tulipomwaga lile tope kwenye kitalu na kwenye mistari ya mkonge mchanga tofauti ilionekana kwa macho, rangi tu ilikuwa tofauti, na wakulima wa mahindi wa pembeni wakaanza kuja na ndoo. Ukinunua mbolea ya viwandani kwa bei za miaka hii unaelewa kwa nini mhasibu ndiye aliyekuja kuwa mtetezi mkubwa wa mtambo.

Vitu vingine vipo nitavitaja tu. Uyoga unaota vizuri kwenye mabaki ya mkonge, Chuo Kikuu Dar walishalifanyia kazi, na ukishavuna uyoga yale mabaki bado unayaingiza kwenye biogesi. Sileji ya nyama ya mkonge inalisha mifugo ikichanganywa na vyakula vingine. Utomvu una kemikali ya hekojenini ambayo viwanda vya dawa viliwahi kuitafuta kwa kutengenezea steroidi. Kichwa cha mkonge, lile bonge linalobaki mmea ukishatoa mlingoti wa maua na kuisha, kina inulini ambayo ni sukari zilizoungana, ndugu yake wa Mexico ndo anatengenezewa tekila, na spiriti ya kuendeshea mashine inaweza kutoka humohumo. Saivi mabonge hayo yanang'olewa yanachomwa moto shambani ili kupanda upya. Inaniuma kila nikipita na kuona ule moshi, maana serikali iliweka lengo la kufika tani 120,000 za singa na mashamba mengi yanafufuliwa, wakulima wadogo wanaingia kwa kasi, na kila hekta mpya inakuja na asilimia 96 zake.

Kwa mtu anayetaka kuanza, kikundi au AMCOS au shule yenye shamba, fanya hivi kabla ya kumwita muuza mitambo yoyote. Nenda kwenye korona yako kaa na daftari kwa msimu mzima, wa kiangazi na wa masika, andika kila siku mabaki yametoka kiasi gani na siku gani hayakutoka kabisa. Chukua ndoo ya mabaki ikaushe uone kinachobaki ni kiasi gani ukitoa maji. Tafuta nani ana samadi karibu na atakuuzia au atabadilishana na tope. Jaza madumu matano kwa mchanganyiko tofauti wa mkonge na samadi, funga na mpira wa gesi kwenda kwenye mfuko wa plastiki, uone lipi linajaa na lipi linachacha, kazi hiyo inakula mwezi mmoja na pesa yake ni ya madumu tu. Kwa ukubwa wa nyumbani mafundi wapo, CAMARTEC, kituo cha serikali cha teknolojia za kilimo na vijijini kilichoko Arusha, wanajenga matangi ya kuba chini ya ardhi tangu miaka ya 80 na vijana wengi walipata mafunzo kupitia programu ya biogesi ya majumbani iliyoanza 2009, ila waambie wazi kwamba unaingiza mkonge, sio samadi tupu, wakuwekee mlango mpana wa kuingizia na njia ya kutoa gamba la juu.

Saivi niko na kikundi cha wakulima wenye mashine moja ya kuhama, wanataka gesi ya kupikia shule ya jirani inayochoma kuni nyingi sana kwa uji na makande ya watoto. Madumu yao ya majaribio yalionyesha mkonge sehemu mbili na samadi sehemu moja ndo unaotulia, pH inakaa 7. Tangi tumeshalichimba, chokaa na matofali vipo, kilichobaki ni chekecheke la singa fupi ambalo fundi wa kuchomelea anasubiri bamba lenye matundu ya kutosha, na mzazi mmoja mwenye ng'ombe amekubali kuleta samadi kila asubuhi kwa masharti kwamba tope la kwanza litakalotoka liende kwenye migomba yake.